Jua Lililovuka Barabara

Nimefanya kazi Sori, nikafanya Kegonga, nikafanya Migori mjini, na kila mahali niliondoka kabla watu hawajanizoea. Rodi Kopany ndipo mahali pekee nilipokaa kwa sababu ya chuki.

Nilikuwa natengeneza redio na simu katika kibanda kilichoegemea mgongo wa duka la vifaa vya ujenzi. Kibanda kilikuwa na dirisha moja lililotazama jua linakotoka, na asubuhi nzima mwanga uliangukia meza yangu. Kazi ya simu ni kazi ya macho. Vitu vya ndani ni vidogo kuliko chawa, na usipoviona vizuri unaunguza mali ya mtu.

Mwenye duka alikuwa mzee wa miwani, karani mstaafu, na alikitaka kibanda kiwe stoo yake. Nilikataa kuhama. Akanunua kiwanja cha nyuma, akasimamisha ukuta wa mabati karibu sana na dirisha langu hata nikinyoosha mkono naugusa. Nikabaki gizani saa nne asubuhi.

Nilimfuata dukani. Alikuwa kwenye kaunta, gazeti mkononi, wateja wamemzunguka.

"Jaduong'," nilimwita kwa heshima, maana ndivyo wazee wanavyoitwa kwetu, "umenizibia mwanga."

Hakuinua macho. "Fundi, uliacha shule darasa la ngapi?"

"La saba."

"Sasa mtu ambaye hakusoma, mwanga ni wa nini?"

Watu walicheka. Mwendesha bodaboda mmoja alicheka mpaka akaegemea mifuko ya saruji. Nilitoka, na yale maneno nilitoka nayo, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Nilihama. Muda si muda alitoboa ukuta wa nyuma wa duka, na kibanda changu kikawa stoo yake ya misumari.

Sikwenda mbali, nilivuka barabara tu. Mama mmoja mshonaji, ambaye veranda yake ilitazamana na lile duka, alinipa kona. "Kaa hapo, omera," alisema, akiniita ndugu. "Lakini usinijazie redio zinazokohoa." Pale asubuhi jua lilipanda juu ya paa la mzee likaja kutuangukia sisi. Nilikuwa na mwanga tena, ila moyo haukutulia.

Mama alikuwa na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Siku moja msichana aliyekuja kupimwa rinda alikigeuza ajione mgongo, na doa kubwa la mwanga likaruka kutoka kwetu, likavuka barabara, likapanda kaunta na kumpiga mzee usoni. Alikinga macho kwa gazeti. Nilisikia utamu mdomoni kama nimelamba asali.

Kuanzia hapo sikuwa na kazi nyingine kichwani. Nilianza na kioo cha pembeni cha pikipiki, kikanishinda. Mwanga wake ulisambaa ukafika ng'ambo umechoka. Nilikipapasa nikaona kimevimba katikati, na kitu kilichovimba hutawanya. Nikatafuta kipande cha kioo bapa, chenye pembe tatu, kisichozidi kiganja cha mtoto. Nikakifunga kwenye ubao wenye msumari mmoja ili nikizungushe nitakavyo.

Hapo ndipo nilipoona ajabu. Karibu yangu, doa la mwanga lilikuwa na pembe tatu kama kioo chenyewe. Ng'ambo ya barabara, kwenye shati la mzee, lilikuwa duara. Nilitembea na gazeti kuukuu kutoka kioo hadi ukingo wa lami nikiliangalia doa likizipoteza pembe zake moja moja. Mama alinitazama akatikisa kichwa. Usiku huo nilikuwa nimelala chali nilipoelewa: lile duara halikuwa umbo la kioo, lilikuwa sura ya jua. Nilikuwa namrushia jua lenyewe usoni. Shuleni niliwahi kuuliza mwanga huenda wapi taa ikizimwa, mwalimu akanichapa. Sasa nilijua angalau sehemu moja ambako mwanga unaweza kutumwa.

Nilijifunza na mengine. Ukikiinamisha kioo kidogo, doa husogea mara mbili ya ulivyokiinamisha. Jua halisimami, kwa hiyo kila baada ya muda lazima urekebishe. Mzee akihamisha kiti, nilimfuata. Akifungua gazeti, mwanga ulikaa kwenye mistari yake kama inzi. Jumamosi alifunga duka akaenda kanisani kwa Wasabato wenzake, na siku hiyo sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Alimleta mwenyekiti wa soko.

"Huyu ananirushia kitu," alisema akinyoosha kidole.

"Anakurushia nini?"

"Mwanga."

Mwenyekiti alinitazama, akatazama juu. "Mwanga wa nani?"

"Wa jua," nilijibu.

"Sasa jaduong', mimi nikamate jua?" Watu wakaanza kucheka, na safari hii nilimwona yule wa bodaboda akimcheka yeye. "Chieng', hili jua, ni la Mungu. Weka pazia."

Akaweka. Alining'iniza gunia mlangoni, akawasha balbu, akawa anauza misumari mchana kama mtu anayeficha pombe. Wateja waliinama kupita chini ya gunia. Nilitengeneza redio huku nimeligeuzia gunia mgongo, nikipiga mluzi.

Kisha stima zikapotea Rodi yote, asubuhi ya siku ya soko. Baada ya kitambo gunia liliinuliwa, mzee akatoka amekunja uso. Nyuma yake alisimama mjenzi mwenye haraka, na nyuma zaidi, katika mstari mmoja na mlango, niliona tundu jeusi la stoo. Kibanda changu. Dirisha lake lilikuwa bado limezibwa na mabati ya mzee mwenyewe.

"Fundi!" aliita kutoka ng'ambo, na sauti yake ilikuwa ya kirafiki kabisa. "Hebu geuza kile kioo kikubwa cha mama. Ninatafuta misumari ya mabati, huku ndani sioni kitu."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Nilikishika kioo kwa mikono miwili, nikakielekeza. Mwanga ulivuka barabara, ukapita mlango, ukaingia hadi stoo. Niliona rafu zilizosimama pale ilipokuwa meza yangu. Nilimwona akiingia, akitabasamu, akinyoosha mkono kwenye boksi la juu.

"Jaduong'," nikaita, "mtu ambaye amesoma, mwanga ni wa nini?"

Aligeuka akakunja macho. "Unasema?"

Nilirudia, kwa sauti zaidi.

"Hayo maneno gani, kijana?" Hakuwa anajifanya. Nilimtazama vizuri usoni, na mwanga ulikuwa wa kutosha: hakukumbuka. Maneno niliyokuwa nimelala nayo miezi yote hiyo, yeye aliyatema akayasahau kabla sijafika mlangoni.

"Ni yako," nikamwambia. "Nakurudishia."

Nikageuza kioo kikatazama ukuta.

Kule ndani kitu kilianguka, kisha misumari ikamwagika kwenye sakafu ya saruji, mingi, ikaendelea kumwagika. Mjenzi alisonya akatoka akaenda duka lingine. Mzee aliniita mara moja, kisha nikasikia anapapasa chini.

"Omera," mama alisema polepole, "inatosha."

Niliketi, nikafungua simu ya mtu, nikaisogeza palipokuwa na jua.