Kadi za Muthoni

Mwanangu, kuna alasiri moja ya mwezi wa nane ambayo haijanitoka kichwani, na kwa kuwa Jumatatu unaanza somo la kompyuta chuoni, heri nikusimulie kabla hujafunga sanduku.

Nilikuwa na miaka ishirini. Chuo chetu kilikuwa juu kidogo ya mji wa Nyeri, na somo hilo ndiyo kwanza lilikuwa limeanza. Usidhani tulikuwa na kompyuta. Kompyuta ilikuwa Nairobi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Sisi tulikuwa na chumba kimoja chenye baridi na mashine ya kutoboa kadi. Unaandika maagizo yako kwa penseli, unayatoboa kwenye kadi, agizo moja kadi moja, kisha gari la chuo linazipeleka. Baada ya wiki jibu linarudi likiwa limechapwa kwenye karatasi ndefu. Wiki nzima unangojea neno la kitu usichokijua.

Kadi zangu zilirudi mara nne zikiwa zimekataliwa. Mara moja kisa kilikuwa alama ndogo ya mkato niliyoisahau. Nilianza kuamini wenzangu walizaliwa wakijua, hasa Muthoni, msichana wa Tetu niliyekaa naye dawati moja. Yeye alitoboa kadi akicheka peke yake.

Tulipofunga shule mwezi wa saba, Muthoni alienda nyumbani na kikohozi. Hakurudi. Tulimzika kwenye ukungu mzito hata sauti ya padre ilikuja kama inatoka mahali pengine.

Tuliporejea, kadi zake bado zilikuwa kwenye rafu, zimefungwa kwa mpira, jina lake limeandikwa juu kwa penseli. Kazi tuliyopewa ilikuwa kusoma jina la mwanafunzi na alama zake, kisha kupiga wastani. Nilijua alikuwa ameimaliza mapema. Mwanangu, naona haya kukwambia: mimi niliyelia kaburini nilizichukua. Wino wa ile mashine ulikuwa umekauka, kwa hivyo kadi hazikuwa na herufi, matundu tu. Sikuweza kuzisoma, na wala sikujaribu. Niliondoa kadi ya mwisho, maana ndiyo siku zote hubeba jina na alama, nikaweka yangu, nikapeleka.

Mwalimu wetu, Mwalimu Kariithi, alikuwa na desturi ya kusoma majibu mbele ya darasa. Alasiri hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, taa zimewashwa saa tisa mchana. Akafika kwangu.

“Nyawira,” akaita, akakunjua karatasi. Akaendelea kukunjua, ikashuka mezani, ikafika sakafuni.

“Mwalimu, imesema nini?” mtu akauliza.

Akasoma polepole. “Wewe si Muthoni. Rudisha kadi zangu.” Akakunjua zaidi. “Wewe si Muthoni. Rudisha kadi zangu. Ni hivyo hivyo mpaka mwisho.”

Msichana mmoja nyuma akaanza kusali kwa Kikuyu. Nilihisi kabisa kuna mtu amekaa kando yangu, pale pahali pake, na sikuthubutu kugeuka.

“Nyawira, hizi kadi ni za nani?”

Nilisimama nikasema yote. Nilitegemea kufukuzwa. Mwalimu alichukua kadi, akaenda dirishani, akaziinua moja moja kwenye mwanga na kusoma matundu kwa kidole.

“Njoo hapa,” akasema. “Kadi hii inauliza: je, jina ni Muthoni? Likiwa ndilo, piga wastani. Lisipokuwa, chapa maneno haya. Aliandika mwenyewe, akiwa mzima. Mwezi wa tano alinilalamikia kwamba mtu alimchukulia kadi zake, na huu ulikuwa mtego wake. Mashine haimjui Muthoni. Imefanya tu alivyoiambia.”

“Na mbona inarudia?”

Aliinua kadi nyingine kwenye mwanga. “Alisahau kuiambia mahali pa kuacha. Hata yeye alikuwa anajifunza.”

Mwanangu, nilikuwa nimeelewa, lakini woga haukuondoka. Jumamosi nilipanda Tetu na kadi na ile karatasi. Mama yake alikuwa anakama ng'ombe. Nilimwambia nilichofanya, nikaomba msamaha. Hakunigombeza. Alifuta mikono kwenye leso.

“Ati ni yeye aliandika?”

“Ndiyo, Mama.”

“Mimi sijui kusoma. Nisomee.”

Nikasoma. Akasema, “Tena.” Nikasoma tena, mstari baada ya mstari, na ukungu ukipanda kutoka mtoni, mpaka akacheka kile kicheko cha Muthoni, kile kile, nami nywele zikanisimama. Kisha akalia. Tukalia wote wawili.

Nilirudi nikaandika kazi yangu mwenyewe. Ilikataliwa mara tatu. Mara ya nne ilileta wastani wangu, na wastani wenyewe ulikuwa mbaya.

Sasa sikiliza. Leo mashine itakuwa mbele yako na jibu litakuja papo hapo, lakini mambo ni yale yale. Haina akili wala huruma. Itafanya ulichoandika, siyo ulichokusudia. Itakukataa wiki za kwanza, na utadhani wewe peke yako ndiye mjinga. Si kweli. Yule anayecheka kando yako pia amesahau kitu mahali. Muulize. Muulize na mwalimu, mapema, kabla aibu haijakuwa kubwa. Anza na penseli, ujue unataka nini ndipo uiambie mashine. Na usipeleke kazi ya mwenzako kwa jina lako, maana hujui amesema nini ndani yake. Ukikosea, sema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe subira ya kusoma kosa lako bila kujichukia, akupe rafiki mwema wa dawati, na akurudishe kwangu mimi mama yako ukiwa mzima.