Kocha wa Mipira Miwili

Mkuu wa chuo chetu pale Ibra, Omani, aliniita ofisini, mimi mtunza maabara, akanambia kuanzia Jumamosi nitakuwa kocha wa mpira.

"Ustadh, mimi sijapata kufundisha mpira maishani."

"Si umezaliwa Unguja?" akasema. "Watu wa Unguja wote wanajua mpira. Yalla, tawakali."

Unguja niliondoka nina miaka tisa, lakini hilo hakuniuliza.

Ilikuwa miaka ya tisini, chuo bado kichanga, timu haijapata kuwapo. Uwanja ulikuwa changarawe tupu. Wiki nzima ya mwanzo hatukucheza, tuliokota mawe. Mama aliponiona narudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, alicheka. "Mwanangu, kemia yote ile uliyosoma, mwisho wake ndio huu?"

Mechi ya kwanza tulikwenda Sur, tukafungwa saba bila. Mlinda mlango wangu, mwanafunzi wa Kibedui kutoka upande wa Jalan, kila akiuona mpira unamjia alifumba macho. Njiani kurudi alinifuata kwenye siti ya mbele ya basi.

"Nitoe, ustadh. Nimewaaibisha."

"Simtoi mtu," nikamjibu, ingawa moyoni nilikwisha kumtoa.

Aliyemwokoa ni mwalimu mmoja wa Kiingereza, Mmarekani, aliyekuja na begi la glovu na magongo ya besiboli. Mkuu wa chuo akasema mchezo huo nao niusimamie mimi. Sheria zake sikuzielewa hata robo. Lakini niliona jambo moja: kipa wangu, akishavaa glovu, alikidaka kile kimpira kigumu, kidogo kama chungwa, bila ya kupepesa. Basi kila alasiri tukawa tunamrushia, mimi na Mmarekani, mpaka mabega yanatuuma.

Msimu uliofuata tukaenda Nizwa. Walitushambulia mechi nzima, naye akadaka kila kitu, hata penalti. Sisi tukapata bao moja, la kubahatisha, likatosha. Wenzake walimbeba juu juu. Mimi nililia mbele ya watu, wallahi, na sikujali.

Besiboli ilikufa Mmarekani alipoondoka. Mpira niliufundisha miaka kumi na kidogo, mpaka akaja kocha wa kusomea, mwenye vyeti vyake. Nikamkabidhi filimbi na nyavu, nikarudi maabara. Alasiri za mwanzo zilinishinda; nilikuwa nikisimama dirishani nikiwatazama vijana. Baadaye nikapanda midimu nyuma ya nyumba, nayo imeshika vizuri.