Kisima cha Njia ya Kunduchi

Juzi asubuhi niliamka Temeke, nikafunga mzigo wangu, nikatoka bila kujua ninakwenda wapi. Wasomaji wangu wa siku zote mnanijua: shule niliiacha mapema, na tangu hapo miguu haijakubali kutulia. Nilipofika Kinondoni nikakaa kunywa kahawa. Muuza kahawa alikuwa akisuuza vikombe, akaniambia bila kuinua uso, "Yule mama wa kisimani kafa. Wamemzika jana." Kahawa nikaiacha nusu, nikashika njia ya pwani kuelekea Kunduchi.

Njia ile naipenda kuliko barabara yoyote waliyoitengeneza Waingereza, maana kila baada ya mwendo mfupi inabadilika. Unaanza kwenye minazi na mchanga mweupe, mara unavua viatu uvuke tope la mikoko, kaa wakikimbilia mashimoni mbele yako. Ukitoka hapo unakanyaga mawe ya matumbawe yenye makali, kisha unaingia kichaka chenye ubaridi na kelele za tumbili. Kichaka kinapoishia ndipo kilipo kisima cha maji baridi, na juu yake, kwenye tawi, zamani ilining'inia kata ya kifuu cha nazi. Watu wa huko walikuwa na desturi moja: kata ikining'inia, maji ni salama. Mgeni haulizi, anakunywa, anairudisha. Marehemu ndiye aliyekuwa akiopoa majani na kubadilisha kata ikipasuka. Hakuna aliyemwajiri.

Mara ya kwanza kupita pale, vita vilikuwa vimekwisha karibuni, nilifika koo limekauka. Nikaiona kata, nikashukuru, nikateka. Maji yalipogusa mdomo, harufu ikanipanda hadi machoni. Nikachungulia. Chini zililala ngozi za ng'ombe, vipande vya mafuta vikielea, na maganda ya mikoko ya kutengenezea ngozi yameyageuza maji yakawa na rangi ya damu iliyolala. Nikatema, nikatema tena. Mwanamke mmoja, ndiye huyu marehemu, akaja na mtungi kichwani, na papo hapo mwanamume akatokea kichakani amebeba maganda mengine.

"Wewe bwana," mwanamke akamwambia, "hizi ngozi zako?"

"Zangu. Bahari ina chumvi, inaziharibu. Na nyumbani mke wangu hataki harufu."

"Mkeo hataki kunusa, sie tunywe?"

"Kwani kisima hiki alichimba babako?"

"Hakuchimba babangu wala babako. Ndiyo maana si cha kulowekea ngozi."

Wabeba nazi wawili waliokuwa wakipita wakasimama kutazama. Mtu wa ngozi alipoona ana watazamaji akacheka, akasema maji hayana neno, wanawake wana makuu tu. Yule mama akaniomba kata, akateka, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. "Basi kunywa, bwana."

Nilidhani ataona haya. Aliinywa yote! Akafuta masharubu, akauliza, "Nimekufa?" Wabeba nazi wakacheka wakakaribia kuangusha mizigo. Nawaambieni kweli, zile ngozi hazikunichefua kama kicheko kile.

Mama akaichukua kata mkononi mwa bwana yule, akaipiga kwenye jiwe, ikapasuka. "Wewe kunywa hata kwa kiganja," akasema. "Lakini mgeni hatadanganywa na kata yangu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, kaka, umetoka wapi na jua hili? Twende nyumbani, kuna maji."

Usiku ule nililala kwake. Tangu siku ile akaweka mtungi mbele ya nyumba yake, kando ya njia, kata ikining'inia juu yake. Maji aliyafuata mbali, kwenye kisima cha upande wa pili wa kichaka, kila asubuhi, mpaka alipougua.

Safari hii nimeipita njia ile nikiwa nimekunja uso. Mikoko imechunwa maganda, imesimama uchi inakauka. Matumbawe yanachomwa chokaa ya kujengea majumba ya ufukweni ambako mtu kama mie akipita hufukuzwa. Kila niliyemuuliza alinijibu lilelile: kwani ni vya nani? Kikiwa cha wote, kila mtu anajiona ana ruhusa ya kukichafua, na hakuna anayejiona ana wajibu wa kukisafisha.

Nilifika jioni. Barazani kwa marehemu watu walikuwa wamejaa, na aliyekuwa akisema kuliko wote ni yule mtu wa ngozi, sasa ana kanzu nzuri na anaitwa mzee wetu. "Alikuwa mama wa wasafiri," akasema, na watu wakaitikia. Akaniambia vitanda kwake vipo. Nikamshukuru, nikamwambia nimeshapata pa kulala, nami sikuwa nimepata.

Nikauendea mtungi. Kata ilining'inia mahali pake. Nikafunua kifuniko: mtungi mkavu, buibui ameshatanda. Watu wote wale, tangu siku ya maziko, walikuwa wakimsifu hatua chache kutoka hapo! Nikaitungua kata.

Kwenye nyumba ya jirani mwanamke alikuwa akipepeta mchele. Nikabisha hodi, nikaomba malazi.

"Karibu, pa kulala papo. Tua mzigo."

"Kwanza nipe ndoo, dada," nikamwambia, "unionyeshe kisima cha mbali."

Marehemu husifiwa kwa kuishika kazi aliyoiacha. Asiyeweza kuishika, afadhali aitungue kata, mgeni asidanganyike.