Ruhusa Aliyoiondoa Shemeji

Baada ya kumzika mume wangu, mdogo wake alikuja kwetu Kihesa akakaa kwenye kompyuta ya marehemu. Kwao, vitu vya kazi vya aliyefariki haviguswi mpaka ukoo ukae. Majembe yaliingizwa stoo. Kwenye kompyuta, shemeji aliondoa ruhusa ya kuendesha kwenye kila faili la programu aliyoitunga marehemu ya kuchapa nota za kwaya. Kisha akarudi Mbeya kazini kwake.

Ukoo ulipokaa, kompyuta nikapewa mimi. Siku iliyofuata yalikuwa mazoezi ya mwisho kabla ya ibada ya kuweka msalaba kaburini, na wimbo wa mwisho wa marehemu, wa sauti nne, ulikuwa humo ndani tu. Haukuwahi kuchapwa. Mimi niliishia kidato cha pili. Alinifundisha kufungua na kuchapa, basi. Nilibonyeza, ikaandika ruhusa imekataliwa. Nikampigia shemeji.

"Shemeji, umenifungia."

"Na ufunguo ninao. Andika ninavyokutajia, taratibu, hushindani kuchuma chai."

Niliandika. Jina la programu likageuka kijani, rangi ya faili lenye ruhusa ya kuendeshwa. Lakini mafaili ya maktaba, yale yenye kazi ambazo programu huziazima, yalibaki meupe.

"Haya mengine je? Zamani yote yalikuwa kijani."

"Yaache. Fungua."

Nikafungua, na wimbo ukajaa kioo kizima.

"Kama hayakuihitaji ruhusa," nikauliza, "kaka yako aliyapa ya nini?"

"Hakuyapa yeye. Chombo kinachojenga maktaba huitia ruhusa hiyo chenyewe, kwa sababu ndani mna maagizo ya mashine, kama kwenye programu. Kuna mifumo mingine inakataa kupakia maktaba isiyo nayo. Hii Linux yetu, ikiweza kulisoma faili, imetosha. Zipo maktaba chache zinazoweza kuendeshwa zenyewe, hizo ndizo huihitaji. Hizi za kaka ukiziendesha peke yake zitaanguka tu."

"Kwa hiyo ulizifunga bure."

"Bure kabisa. Lakini ningeacha jembe moja nje, wazee wangenielewa?"

Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka na nguo zangu nyeusi. Namshukuru shemeji mpaka leo. Angeweza kufuta, akafunga tu. Na nilipouliza swali la mtu asiyesoma sana, alinijibu lote.

Nilichapa nakala za sauti zote. Kaburini, kwenye ubeti wa pili, alto walipotea kidogo, maana waliupata wimbo jana yake tu. Besi wakawangoja, wakaendelea pamoja. Nilisimama na wakwe zangu nikiusikia kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wimbo wa shukrani. Sikujua aliwahi kuandika wa namna hiyo akiwa mgonjwa.