Gari Lililochemka Njia ya Ndanai

Juzi, katika gereji niliyoijenga kwa jasho langu baada ya kurudi kutoka ng'ambo na diploma ya injini, nilimzuia mteja asifungue rejeta ya gari lililochemka kwa mkono mtupu. Maji yangemuunguza vibaya. Hapo nikamkumbuka baba.

Jua lilikuwa kali siku ile, nikiwa bado mtoto. Baba aliazima gari atupeleke Ndanai kwa nyanya, mamake mama, aliyekuwa mgonjwa. Nilikaa nyuma nikipakata blanketi jipya la nyanya, lenye harufu ya duka. Barabara ilipita kati ya mashamba ya chai, na kila tulipofika penye kivuli baba alisimamisha gari.

"Imechemka tena, Mama Chebet."

"Baba Chebet, hata ng'ombe hatembei hivi! Twende, mama ananingoja."

Baba alifungua kifuniko cha rejeta kwa vidole vyake, akachungulia, kisha akasimama akitazama chai. Alifanya hivyo mara tatu. Mimi niliapa kwamba nikikua hakuna gari litakalonishinda. Halijanishinda hata moja. Wakubwa wa Kericho wote huniletea yao.

Tulipofika, dada wawili wa mama walitoka langoni wakiwa wamenyolewa vichwa. Nikacheka, nikidhani ni chawa. Sikujua kwamba kwetu wafiwa ndio hunyolewa.

Mama alimgeukia baba. "Ulijua tangu asubuhi?"

 Baba alikuwa akivitazama vidole vyake, ambavyo havikuwa na hata lengelenge moja.