Siku Mswada wa Darka Ulipobaki Mezani

Padre Yaroslav ameniomba niandike kitu kuhusu dada yangu, kisomwe ukumbini baada ya ibada ya siku ya arobaini, watu wakiwa wamekaa na sahani zao. Nilimwambia mimi si mwandishi, shule niliishia sekondari hapa hapa Zoria, na tangu tumzike machozi yananitoka hata nikimenya viazi. Akasema, "Basi usiandike msiba, Lesia. Andika ile siku ya Ottawa. Watu wameisikia vipande vipande tu." Ni kweli. Darka alikuwa akiisimulia jikoni huku anakoroga supu, na kila alipoirudia theluji ilizidi kuwa nyingi. Mimi nilikuwa naye bega kwa bega siku hiyo, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyoiona.

Mnamjua Darka Melnychuk kama mama wa jikoni pale ukumbi wa barafu. Lakini kabla magoti hayajamsaliti alikuwa mfagiaji katika mchezo wetu wa mawe ya barafu, yule anayesugua barafu kwa ufagio ili jiwe liteleze mbali, na alikuwa na mikono kama ya mhunzi. Aliweza kufagia mbele ya jiwe tangu linapotupwa mpaka linaposimama, na bado akabaki na pumzi ya kumsema nahodha wake. Kanisani aliimba sauti ya pili. Padre akirefusha mahubiri, dada alikohoa, na Padre alijua kikohozi kile maana yake nini.

Mumewe, Metro, moyo ulimshika ghalani wakati wa mavuno. Ambulensi ilifika upesi. Lakini treni ya ngano ilikuwa imesimama ikaziba barabara, mabehewa kwenda mbele na nyuma mpaka jicho linachoka, na hospitali iko ng'ambo ya reli. Darka alishuka akaenda kuligonga behewa kwa ngumi. Metro alikata roho pale pale, king'ora kikilia. Bwana amweke mahali pa nuru.

Tangu siku ile dada alitaka kitu kimoja tu: sheria ya kwamba treni isizibe njia ambulensi inaposubiri, na simu ya reli iwe na mtu wa kuipokea usiku na mchana. Alimpata Seneta Wilma Fehr, aliyekuwa daktari wa ng'ombe kabla ya kuteuliwa, alipokuja kutazama mashindano yetu ya mkoa. Alimpa bakuli la borshi, supu yetu ya bitiruti, akaketi mbele yake, akamzibia njia kama ile treni. Mama wa watu aliondoka na kilo mbili za pirohi za viazi na ahadi. Na ahadi aliitimiza. Aliupeleka mswada Seneti, akausemea vizuri. Halafu mswada ukalala.

Darka akawa anampigia simu kila wiki, na mimi nasikia kila kitu kwa sababu dada hakuwahi kuzungumza na simu bila kuiweka kwenye kipaza sauti.

"Wilma, kwani nani anaamua leo mtaongea nini?"

"Mambo ya serikali yanatangulia, Darka. Mtu wao anasimama, anasema leo tunaanza na hili, halafu lile. Wakimaliza, sisi wengine tunaitwa kwa foleni. Karani anasoma moja moja."

"Sasa wangu si unasomwa?"

"Unasomwa kila kikao. Na kila kikao mtu anasema 'Usubiri!', karani anapita."

"Mtu gani huyo? Nitajie jina lake."

"Yeyote tu, ni desturi. Mjadala umeahirishwa kwa jina la Seneta Arbique, yeye ndiye wa kuupinga. Watu wanamwachia nafasi aseme kwanza."

"Na asiposema mpaka Bwana Yesu arudi?"

"Jambo likipita vikao kumi na tano hakuna aliyelisemea neno, linaanguka lenyewe kwenye orodha. Haipigwi kura. Linatoweka tu."

Dada aliitazama simu kama imemng'ata. Kisha akasema, "Yaani wanachinja bila hata kushika kisu."

Ilipofika Februari mswada ulikuwa umebakiwa na kikao kimoja. Daktari alikwisha kumwambia Darka kuhusu ini lake, na kwamba asipange mambo ya Krismasi. Fehr alimfariji kwamba ukianguka anaweza kuuleta upya mwakani. "Mwakani nani, Wilma?" dada alimjibu. "Mimi siwezi kurudi mwisho wa foleni." Fehr akamtafuta Seneta Ishbel Beaton wa Cape Breton, mama mwenye maneno mengi, akakubali kuusemea siku hiyo ya mwisho. Dakika chache tu zingetosha, hesabu ya vikao ingeanza upya. Darka akaniambia, "Kata tiketi mbili. Nataka kuona kwa macho."

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa kwenye foleni ya kahawa mle mle katika jengo la Seneti. Mbele yetu alisimama mzee mrefu, suti ya kijivu, na kwenye ukosi wake beji ndogo ya jiwe na ufagio. Darka aliiona kabla hajaona uso.

"We mzee! Unacheza?"

Akageuka anatabasamu. "Tangu mtoto, mama. Rivière-du-Loup."

"Nafasi gani?"

"Nahodha."

"Nilijua tu. Wale wa kupiga kelele huku wenzao wanafagia."

Mzee akacheka mpaka kahawa aliyokwisha kupokea ikamwagika. "Na wewe, mfagiaji?"

"Mfagiaji, na mpishi, na mwenye mswada wa reli. Jina langu Melnychuk."

Kicheko kikakatika. Nikamvuta dada mkono, kwa sababu nilikwisha kusoma jina kwenye kitambulisho kifuani mwa mzee. Dada naye alikuwa amelisoma. Alikuwa Arbique.

"Mama," akasema taratibu, "pole sana kwa mumeo. Nasema kweli. Lakini mswada wako una kasoro. Unawabana madereva wa treni ambao hawana uwezo wa..."

"Basi simama useme hivyo! Umeukalia majira yote ya baridi kama kuku kwenye yai bovu."

"Nina mambo mengine mengi."

"Kwetu, mchezaji akiligusa jiwe kwa ufagio, hata kama hakuna aliyemwona, anasema mwenyewe. Rivière-du-Loup hamfanyi hivyo?"

"Tunafanya hivyo."

"Haya. Ukitaka kuuua mswada wangu, uue umesimama, nikuone." Kisha akachomoa kwenye sweta lake beji ya ukumbi wetu, ile ya shomoro mwenye kofia, akamnyooshea kiganja. "Nipe yako nikupe yangu."

Mnajua desturi: mchezaji hakatai kubadilishana beji. Arbique akaivua ya kwake. "Hii hainifanyi nikupigie kura."

"Nani amekuomba kura? Mnunulie Lesia kahawa, ile yako umemmwagia kiatuni."

Adhuhuri Fehr alitujia mbio na habari njema. Kabla ya kengele kulia, watu wa kila kundi hukaa na makarani wakaipitia orodha yote ya siku, nani atasema juu ya nini na kipi kitapitwa. Kikao hicho wanakiita Gombo. Niliposikia jina nilijipiga ishara ya msalaba, nikikumbuka lile la Ufunuo lenye mihuri saba. "Kwenye Gombo tumo," Fehr akasema. "Beaton atasema. Wote wamekubali."

Darka akauliza, "Wakikubali ndiyo imekwisha?"

"Gombo ni makubaliano tu, si amri. Lakini kwa kawaida hakuna anayeyavunja."

Hakuna aliyeyavunja. Iliyavunja theluji. Tulikuwa tumeshakaa roshani ya wageni, askari ameshatuonya hakuna kupiga makofi, hakuna kula, hakuna kuita mtu, na Darka ameshamuuliza kama kupumua kunaruhusiwa, Fehr alipotokea tena, amekunja uso.

"Ndege ya Beaton haijaruka. Uwanja wa Halifax umefungwa kwa theluji."

"Basi sema wewe!"

"Mimi ndiye mleta mswada, nilishasema. Nikisema tena mjadala unafungwa, tunapiga kura leo, na leo tunashindwa. Nitatafuta mwingine. Usiwe na wasiwasi, serikali ina miswada miwili mirefu mbele yetu. Muda upo."

Akashuka. Spika akaingia, wakasali, nami nikasali zaidi yao. Yakapita matangazo, yakapita maswali. Tulimwona Fehr anainama kwenye kiti hiki, ananong'ona kwenye kile, watu wanatikisa vichwa. Mmoja alikuwa hajausoma mswada, mwingine alikuwa anaondoka. Mwishowe akatoka nje kabisa kwenda kusaka huko mikahawani.

Mlango ulipojifunga tu nyuma yake, mtu wa serikali akasimama. Akasema miswada ile miwili haitajadiliwa leo, inasogezwa hadi kesho. Hivyo tu. Ana haki hiyo, mambo ya serikali huyapanga yeye. Karani akafunua ukurasa, akaanza foleni ya wengine.

"Mungu wangu, Lesia," dada akasema. "Wanakuja kwetu."

Karani alisoma kwa kasi ya mtu anayekariri litania. Jambo la kwanza. "Usubiri!" La pili. "Usubiri!" La tatu. Ilikuwa kama kutazama jiwe likija barafuni bila mfagiaji hata mmoja, na wewe uko nyuma ya kioo. Darka alinishika kifundo cha mkono, alama za kucha zake nilikuwa nazo mpaka tunarudi nyumbani. Nilitazama mlango, nikasema moyoni, Mama wa Mungu, mlete huyu daktari wa ng'ombe.

Karani akasoma mswada wa reli.

Hakuna aliyesimama. Viti vingi vilikuwa vitupu. Kutoka nyuma sauti moja yenye usingizi ikasema, "Usubiri!" Karani akalamba kidole kufunua ukurasa. Dada aliinamisha kichwa.

"Samahani, Mheshimiwa Spika."

Alikuwa Arbique. Amesimama wima, na kwenye ukosi wa ile suti ya kijivu, shomoro wetu mwenye kofia.

"Waheshimiwa," akasema, "mswada huu siupendi. Nikipewa nafasi ya kuupigia kura nitaupinga. Leo ningeweza kukaa kimya, ukaanguka. Lakini Seneta Beaton alikuwa aseme, na amefukiwa na theluji Halifax. Nimecheza mawe ya barafu maisha yangu yote, sijawahi kuchukua kombe kwa sababu gari la mpinzani limetumbukia mtaroni. Nina hoja tatu dhidi ya mswada. Nitaeleza ya kwanza."

Akaieleza! Aliuchambua mswada wa dada yangu kama samaki, kifungu kwa kifungu, na Darka ananinong'oneza huku machozi yanamtiririka, "Sikiliza anavyonitukana! Sikiliza, jamani! Anasema!" Kila neno baya lilikuwa linaurudishia uhai. Fehr aliingia kwa kasi, anamkokota seneta mmoja ambaye bado anatafuna, wakakwama wote mlangoni midomo wazi. Arbique akamaliza, "Kwa muda wangu uliobaki, naomba mjadala uahirishwe."

Spika akauliza kama wanaafiki.

"Tunaafiki!"

Darka alikuwa ameinua mikono yote miwili kupiga makofi. Askari akamtazama. Dada akaitazama mikono yake, akaikalia, akabaki anatetemeka na kucheka bila sauti kama msichana kwenye ibada.

Jioni ile ulizuka ugomvi mkahawani. Desturi yetu ni kwamba mshindi ndiye anayenunua, na hakuna aliyetaka kununuliwa.

"Nalipa mimi," Darka akasema. "Nimeshinda."

"Umeshinda nini? Hoja zangu mbili bado," Arbique akasema.

"Kaa chini, nahodha. Utakunywa supu niliyolipia uzipake mafuta hizo hoja zako."

Alikunywa. Alisema chumvi imezidi.

Machi alizitoa hizo hoja mbili, na Beaton akamjibu, safari hii akiwa amekuja kwa gari. Mswada ukapita kwenda kamatini, nao walikubali marekebisho mawili ya Arbique kuhusu madereva. Darka alikiri kwamba yaliuboresha, lakini alinikataza nisimwambie mtu. Wakati huo alikuwa hatoki kitandani. Tulimzika wiki moja baada ya Pasaka, udongo bado mgumu, tukamwimbia kumbukumbu ya milele, na sauti ya pili ikakosekana. Nilimvisha ile beji ya Rivière-du-Loup upande wa moyo. Padre aliiona, akaendelea na sala.

Juzi nilikuwa jikoni kwake pale ukumbini, nakanda unga wa pirohi hizi mnazokula, nimewasha matangazo ya Seneti kama tulivyozoea. Mambo ya serikali yalikwisha mapema. Karani akaanza foleni yake, na vidole vyangu vikakauka kwenye unga. Akausoma. Hakuna aliyesema usubiri. Fehr alisimama, akasema kwa kifupi, akaketi. Spika akauliza. "Tunaafiki" zilikuwa nyingi. Nilisikia "hapana" moja ya Kifaransa, na niliijua ya nani, nikafurahi kwamba amebaki mtu wa neno lake. Mswada umepita Seneti. Sasa unakwenda Baraza la pili, la wabunge wa kuchaguliwa, huko nako kuna foleni yao, na nitajifunza inavyokwenda.

Nikapiga makofi. Unga ulipaa mpaka kwenye taa, nikapiga tena, peke yangu katikati ya masufuria, kwa nguvu zote, kwa niaba ya mikono ile aliyoikalia. Jikoni kwa Darka hakuna askari.