Koti la Ijumaa la Ghulail

Enzi zetu pale Ghulail, Jeddah, karibu kila mwanamume Mkenya alikuwa na picha akiwa amevaa koti moja. Sisemi makoti yanayofanana. Lile lile, jeusi, lililochanwa mgongoni ili limtoshe yeyote.

Lilikuwa la studio chini ya nyumba yetu, miaka ile ya elfu mbili na kumi mawakala wa ajira walipokuwa wakishusha Wakenya ndege baada ya ndege. Siku za kazi fundi picha, Myemeni mmoja, alipiga picha za ikama, kile kibali cha ukaazi. Ijumaa ilikuwa ya heshima: kiti cha mgongo mrefu, pazia jekundu, simu ya mezani iliyokatwa waya. Sisi watoto tulijipanga ngazini na maandazi ya mama, mafuta mpaka viwikoni, tukitazama walinzi na madereva wakigeuka mabosi.

"Yalla, kidevu juu! Mafi kucheka!" fundi aliamuru, yaani hakuna kucheka.

Ukubwani nimeona picha za karne ya kumi na tisa, mabwana wamesimama kando ya nguzo za mbao zilizopakwa rangi ya marumaru. Niliwatambua mara moja: watu wetu wa Ijumaa.

Anko Odhiambo, mlinzi wa ghala, alituma picha yake ya koti Kenya, kwa baba wa mchumba wake, Akinyi, na kusema yeye ni karani. Hakujua kwamba Ouma, dereva wa hapo Jeddah aliyetoka kijiji cha kina Akinyi, naye ametuma ya kwake kwao. Mzee aliikuta hiyo ya Ouma ukutani kwa jirani, akapiga simu. Odhiambo alikuwa kwetu, anakunywa chai, simu iko kwenye spika.

"Wewe na Ouma huvaa koti kwa zamu?"

"Ni la kazi, baba."

"Na kiti pia ni cha kazi?"

Mama alificha kicheko kwenye kanga. Baba akanong'ona, "Mwambie kweli, Odhi. Halas, yaishe."

Odhiambo akakata simu. Ijumaa iliyofuata alipigwa picha nyingine: sare ya ulinzi, viatu vya vumbi, mikono magotini. Fundi alimsihi mara mbili avae koti. Akakataa.

Vijana wa leo hupiga sahani moja ya pilau picha mia, wakailainisha kwa programu za simu, na pua zao humo humo, wakafuta zote. Sisi picha moja tuliingojea wiki nzima, na ilipotoka, mtaa mzima uliishika kingoni isichafuke. Natamani kungojea kule.

Picha ya sare iliondoka na mpishi aliyekuwa akienda likizo Kenya, amfikishie baba yake Akinyi. Kabla hajarudi, kafili wa baba, mwajiri aliyemdhamini, akatuhamishia Riyadh, nyuma ya mtaa wa Batha. Siku tunapakia vyombo, baba yake Akinyi alikuwa hajajibu.